Chupa za Viazi Jikoni kwa Mama Yusta

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi ya kilimo Tunduma, vijana walininunulia soda na keki. Keki ilipoisha mmoja wao akasema, "Mama, usiondoke na vyote kichwani. Tuandikie." Nimerudi nyumbani Vwawa, kuku wangu hawana swali la kuniuliza, kwa hiyo naandika.

Habari za kupanda daraja naziacha. Miaka yangu ya mwisho, ile ya Tunduma, nayo naiacha, maana mlikuwepo, na mnajua kwamba kukagua malori ya mahindi ni kazi ya kusimama juani ukisubiri dereva amalize kubishana. Nitaandika juu ya jambo mnalolidharau kwa sababu halina semina: kuotesha mizizi ya mmea kwenye chupa ya maji, dirishani, nyumbani kwako. Najua mnayo majani ya mapambo kwenye gilasi, yale mnayonunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kuyapiga picha. Sina ugomvi nayo. Ila nataka mjue chupa hiyohiyo imewahi kufanya kazi nzito zaidi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ikinga, Ileje. Niliambiwa nakwenda ofisini, nikavaa viatu vya kisigino. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la kahawa, mlangoni kuna ngazi za udongo, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Bwana Kibona, bwana shamba niliyepelekwa kumsaidia, alivitazama viatu vyangu, akazitazama ngazi, akaingia ndani na kutoka na mabuti yake ya mpira. Nilifanya kazi wiki yangu ya kwanza nikiwa nimesokota magazeti ndani ya mabuti ya mtu mwingine.

Dirishani kwake kulikuwa na chupa nyingi za kila aina, na kila chupa ina kijiti au kipande cha shina. Forosadi, mnanaa, tini, marando ya viazi vitamu.

"Mwanangu," aliniuliza, "chuoni mlisoma mizizi?"

"Tulisoma."

"Umewahi kuiona ikitoka?"

"Kwenye mchoro."

"Mchoro haunywi maji. Vuta kiti."

Aliniweka mbele ya lile dirisha kama mtoto aliyeadhibiwa, na kwa siku kadhaa kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kumweleza nilichokiona. Mwanzoni nilisema sioni kitu. Akasema, "Hayo ni maoni yako, mimi nimeomba habari." Ndipo nikaanza kuona. Niliona vipele vyeupe chini ya kifundo, pale jani lilipokuwa limeota. Niliona maji yanavyopoteza uangavu kabla ya shina kuoza. Niliona kwamba kipande kilichokatwa kwa mkasi mbovu kinaoza ukingoni, na kilichokatwa kwa wembe kinabaki safi.

Haya ndiyo aliyonifundisha, na sijapata mtu wa kuyaongezea mengi. Kata chini kidogo ya kifundo, kwa wembe au kisu kikali. Toa majani yote yatakayozama, kwa sababu jani likilala majini linaoza na kuozesha wenzake. Bakiza machache juu. Maji ya mvua au ya kisima yanafaa. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kwanza yapoteze harufu ya dawa. Badilisha maji yakianza kuteleza vidoleni, usisubiri yanuke. Dirisha liwe na mwanga, lakini jua la mchana lisiipige chupa. Chupa ikianza kuota ukijani ndani, izungushie karatasi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku kwetu inapouma, sogeza chupa karibu na jiko, lakini si mahali ambapo moshi unapita.

La mwisho ndilo watu wetu wanalokosea, na nimeliona Ileje, nimeliona Mbozi. Sisi tunapanda kwa kisigino. Tunachomeka rando, tunafukia, halafu tunakanyaga kwa nguvu ili udongo ushike. Rando lililotoka shambani linavumilia. Lakini mzizi uliozaliwa majini ni laini na unavunjika kama tambi mbichi. Mtu anausubiri mpaka uwe mrefu, anaufurahia, anawaita majirani waje kuuona, halafu anakwenda kuuvunja wote kwa kisigino chake mwenyewe. Kesho yake anasema mambo ya chupa ni uongo wa wataalamu. Pandeni mizizi ikiwa bado mifupi, jioni, kwenye udongo uliolainishwa, na mkandamize kwa vidole tu.

Bwana Kibona alistaafu, nami nikahamishiwa Isansa, wilayani Mbozi.

Isansa nilikuta kahawa, mahindi, maharage, na viazi vitamu ambavyo havikuwa na nafasi kwenye taarifa zetu lakini vilikuwa na nafasi kwenye kila sufuria. Kimoja kilijulikana kuliko vingine. Kilikuwa na ganda jekundu na ndani njano iliyokolea, na watu walikiita Kiini, kama kiini cha yai. Kililetwa na mama mmoja aliyeolewa pale zamani. Mama huyo alikuwa ameshafariki nilipofika, lakini mkwewe, Mama Yusta, ndiye aliyekuwa akikilima zaidi, na kila msimu magunia yake yalishuka mpaka soko la Tunduma. Mama Yusta alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye mara chache alinijibu swali bila kwanza kumaliza alichokuwa akikifanya.

Msimu wangu wa pili Kiini kililemewa na ugonjwa. Majani yalikuwa madogo, yamejikunja, na mishipa yake imepauka. Mmea ulidumaa kama mtoto asiyenyonya, na ukichimba unakuta viazi kama mikia ya panya. Ugonjwa huu husambazwa na inzi weupe na vidukari, lakini hata rando lenyewe huubeba: ukikata mbegu kwenye mmea mgonjwa, umepanda ugonjwa. Na Isansa walikuwa na njia yao ya kuuchagua. Kiangazi majani yalipokuwa adimu, marando manene na mazuri yalikatwa kwa ajili ya matembele, na yaliyobaki wakapewa nguruwe. Yale mafupi yaliyodumaa yaliachwa kwa sababu hayana cha kukata. Mvua ikija, hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki, na hayo ndiyo yaliyopandwa. Kwa miaka kadhaa nguruwe wa Isansa walikula mbegu bora kuliko waliyopanda wenye nguruwe.

Tulitembea mimi na Mama Yusta kwenye bustani yake ya bondeni, tukakuta mimea michache tu yenye majani mapana. Tulikata ncha zake, tukaziweka kwenye chupa za mafuta ya kula dirishani jikoni kwake, tukafunika kwa kipande cha chandarua ili inzi wasifike. Mpango ulikuwa rahisi. Kiangazi chote chupa zingekaa pale, zikitoa mizizi na majani mapya, nasi tungeyatazama. Jani jipya likitoka limejikunja, chupa hiyo inakwenda motoni. Tukijaliwa, mvua ingetukuta na mbegu safi. Nilimwambia wazi kwamba macho si maabara, na mmea unaweza kuficha ugonjwa.

"Hata watu wanaficha," alisema, akaendelea kupepeta mchele.

Chupa ziliondoka moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikifika na pikipiki, na kabla sijavua kofia Mama Yusta ananiambia, "Ile ya pembeni nayo imejikunja." Mvua zilipokaribia zilikuwa zimebaki mbili. Lakini hizo mbili zilikuwa na majani mapana kama kiganja, yamenyooka, na marando yake yalikuwa yametambaa dirishani mpaka kwenye kabati la vyombo.

Hapo ndipo shida ya kweli ilipoanza, na haikuwa ya wadudu.

Isansa mbegu ya viazi haiuzwi, wala hainyimwi. Jirani anakuja na kisu chake, anabisha hodi, anakwenda shambani kwako na kukata mwenyewe. Wewe husimami kumtazama anakata ngapi. Kumnyima mtu mbegu ni kusema watoto wake wasile. Ni desturi nzuri, na imeokoa nyumba nyingi. Lakini ndiyo pia iliyoupeleka ugonjwa kila nyumba, na sasa ilikuwa inakuja kuchukua chupa mbili zilizobaki. Kila mama angepata kipande, angekipanda kando ya marando yake ya zamani yenye ugonjwa, inzi wangevuka hatua chache, na msimu mmoja tu Kiini kingekuwa kimekwisha kabisa.

Mama Yusta alitafuta njia yake mwenyewe. Hakumnyima mtu. Kila aliyekuja alimwambia, "Leta chupa." Akiileta, anamkatia kipande mbele ya macho yake, anakitia majini, anaifunga chupa uzi wa rangi anayoichagua huyo jirani, na anaiweka dirishani. "Hii ni yako. Ng'oa vyako vya zamani, choma, halafu njoo uichukue." Dirisha likajaa, akahamia mezani. Mumewe, Baba Yusta, alikula chakula akiwa amepakata sahani kwa muda mrefu. Nilipomuuliza anaonaje, alisema mambo ya mbegu ni ya wanawake, akaenda kutengeneza uzio ambao haukuwa umebomoka.

Wanawake walileta chupa, lakini hawakung'oa. Walikuwa wakimsubiri Skola.

Skola alikuwa dada mkubwa wa Baba Yusta, aliyeolewa ng'ambo ya kijito. Kiini kilikuwa mbegu ya mama yake mzazi. Alikuwa mfupi, mwenye kauli za haraka, na kanisani akiimba huhitaji kuuliza amekaa upande gani. Alikuja siku nilipokuwepo. Hakuwa na chupa. Alikuwa na kisu.

"Shikamoo, dada," Mama Yusta alisema.

"Marahaba, wifi. Nimesikia mbegu ya mama yangu iko jela." Akanigeukia. "Na huyu ndiye askari?"

"Mimi ni bibi shamba, mama."

"Askari wa siku hizi wana majina mengi." Akayatazama yale machupa mezani. "Wifi, mama alipokupa hii mbegu, alikwambia ulete chupa?"

"Hakuniambia."

"Alikwambia uchome kwanza vya kwenu?"

"Hakuniambia, dada. Lakini ya mama haikuwa imejikunja."

"Yangu imejikunja, lakini ipo. Wajukuu wangu wanakula matembele yake kila siku. Unataka ning'oe, nichome, nibaki naangalia chupa kama mtu anayesubiri basi?"

Nilianza kueleza habari za inzi weupe. Aliniacha nimalize, akaniuliza, "Bibi shamba, nikivichoma vyangu, na hivi vya chupani vikafa, nani ataniletea tena mbegu ya mama? Wewe?"

"Hakuna atakayeweza," nikasema.

"Basi." Alikaa kwenye kigoda, kisu magotini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Mama hakuacha picha. Hakuacha hata kitenge, vyote vilizikwa naye au vikagawanywa. Ameacha hiki kiazi. Wewe, wifi, unaogopa kupoteza mbegu. Mimi nikikichoma halafu kikashindwa, mama yangu ameisha."

Mama Yusta alimaliza kuosha sufuria aliyokuwa nayo mkononi, akaiinamisha, akafuta mikono. Kisha akaenda dirishani, akafunua chandarua, akaishusha mojawapo ya zile chupa mbili za mwanzo, yenye rando nene kuliko zote. Akaiweka miguuni pa Skola.

"Sikupi kipande, dada. Nakupa shina lenyewe. Hili ndilo lenye nguvu."

"Na wewe?"

"Nabaki na dogo na hivi vipande."

"Vikikufia?"

"Nitakuja kwako na kisu. Utaninyima?"

Skola alimtazama. Kisha akainuka, akaisukuma chupa kwa mguu irudi chini ya dirisha, taratibu, isimwagike. "Iache hapo kwanza," akasema, akatoka na kisu chake.

Nilimgeukia Mama Yusta. "Ameondoka na nini sasa?" nikamuuliza.

"Na hasira. Zitamsaidia kulima."

Asubuhi yake nilipita ng'ambo ya kijito kwa kisingizio cha kukagua kahawa ya jirani. Skola alikuwa shambani na jembe, amefunga kitenge kiunoni, anang'oa. Hakuwa anang'oa kimyakimya. Kila tuta alilitukana kwa jina, na katikati ya matuta alikuwa akinitukana mimi. Wajukuu walikusanya marando na kuyarundika. Kufika saa za kupika alikuwa ameacha udongo mtupu. Alikoka moto, na marando mabichi yakatoa moshi mzito uliotambaa mpaka ng'ambo. Wanawake walitoka nje kuutazama. Kabla ya Jumapili mioshi mingine ilikuwa imeanza kupanda, huku na huku, na mimi nikawa naambiwa habari na watu wasiokuwa wakinisalimia.

Skola alikuja kuchukua chupa yake amevaa nguo ya kanisani. Alinitaka nimwonyeshe namna ya kupanda, akapanda kwa vidole kama nilivyomwelekeza, akiwa amepiga magoti. Mjukuu wake mmoja alipoinua mguu akanyage udongo, alipigwa kofi la paja kabla sijasema neno.

Ningependa kuwaandikia kwamba kila chupa ilistawi. Haikuwa hivyo. Nyingine zilioza, nyingine zilijikunja zikiwa tayari shambani na ikabidi zing'olewe. Za Mama Yusta zilikufa kwa jambo dogo kuliko yote. Udongo uliolainishwa huwaita kuku. Mtetea mwenye vifaranga aliingia kwenye tuta lake siku Mama Yusta alipokwenda gulioni, akaparura mpaka mwisho, na ile mizizi ya maji ikakatika yote. Jua lilikuwa kali. Aliporudi alikuta marando makavu kama nyuzi. Tangu siku hiyo sijamshauri mtu kupanda mizizi ya chupa bila kumwambia aweke miiba juu ya tuta kwanza. Nanyi washaurini hivyo, hata wakiwaambia kuku wao wana adabu.

Mama Yusta alinitumia mtu, nikaja. Tulivuka kijito pamoja, yeye amebeba kisu kwenye kikapu. Kiini cha Skola kilikuwa kimefunika tuta zima. Sijawahi kuona majani mapana namna ile Isansa, si kabla ya siku ile. Skola mwenyewe alikuwa barazani anapukuchua maharage.

"Hodi."

"Karibuni. Wifi, umekuja na kisu."

"Nimekuja na kisu, dada. Kuku wamemaliza vyote."

"Vyote?"

"Vyote."

Skola aliyaweka maharage kando. Nilidhani angetupeleka shambani. Badala yake alijifunga kitenge upya, akatupita, akaanza kushuka kuelekea kijitoni. "Twende kwako kwanza," alisema.

Kwa Mama Yusta alilikagua shamba lote. Alipekua majani makavu kwa mguu, alizunguka shimo la taka, aliinama nyuma ya choo. Mama Yusta alimfuata, na mimi nikamfuata Mama Yusta, tukiwa kama wanafunzi tuliochelewa. Nyuma ya choo Skola alisimama. Rando moja la zamani lilikuwa limechipua pale kwenye tope, fupi, majani yamejikunja. Alilivuta likatoka na mizizi yake, akalishika mbele ya uso wa wifi yake.

"Na hiki?"

"Sikukiona, dada."

"Umeona sasa." Akamkabidhi. "Kakichome, halafu uje ukate. Nakwenda kubandika uji."

Tulikichoma kwenye mafiga ya jikoni, mimi na Mama Yusta, tukasimama mpaka kikawa majivu. Tulipofika ng'ambo uji ulikuwa unachemka, na Skola alikuwa amekwisha kutoa vikombe vitatu.